Zamu ya Chumba cha Tatu

Watu watano na kilima kimoja.
Hiyo ndiyo zamu yangu hapa Maskati,
saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku.
Nje jua linakaanga lami,
ndani baridi ya kutunza rangi, si ya kunitunza mimi.
Navaa sweta chini ya koti la kampuni.

Kibao chasema: rangi ya mafuta juu ya turubai,
Marekani, elfu moja mia tisa na kumi na mbili.
Mchoraji hakuwapa nyuso.
Labda aliishiwa rangi, labda aliona haya.
Kilima alikipa kila kitu, kijani juu ya kijani,
nene kama ugali uliobandikwa ukutani kwa mwiko.

Wiki ya kwanza nilidhani wanatoka kuvuna.
Mwezi wa Ramadhani, nikadhani wanatafuta maji.
Siku mama aliyonipigia kutoka Wundanyi
kwamba shamba la chini limekwenda na maporomoko,
sikuwatazama kabisa.

Jana akaja bibi mwenye fimbo
(jina nililisoma baadaye kwenye daftari la wageni,
Zayana binti Khalfan)
na mjukuu wake na simu.
Wakabishana kwa Kiswahili cha Unguja,
kile kilichokunjwa sandukuni na karafuu.
"Hawa watoka mazikoni."
"Bibi, wanaoga. Huoni huyu yu uchi?"
"Maziko nayajua mimi. Tazama anavyokwenda huyu wa mwisho."
Kidole kikatoka kwenye pindo la buibui,
kikavuka mstari mweupe.

"Bi, tafadhali. Usiguse."

Akageuka kama aliyeitwa na ukuta.
"Kumbe! Na wewe u wetu?"
Hapo sikujua nijibu nini.
"Basi sema, wewe unayeshinda nao:
wanakwenda ama warudi?"

Miezi kumi na minne sijaulizwa kitu
ila choo kiko wapi.
Nikasema, sijui, Bi. Lakini yule wa mwisho
miguu imemvimba. Mchoraji aliipitia kwa brashi mara mbili,
akajaribu kuificha kwa nyasi, ikamshinda.

Bi Zayana hakurudi kwenye picha.
Alitazama viatu vyangu,
akamnong'oneza mjukuu kwa Kiarabu.
Binti akaenda, akarudi na kiti.

Kiti hakiruhusiwi chumba cha tatu.
Kilikaa pale hadi jioni, kitupu,
watu watano wakikikodolea
bila macho.