Gasketi ya Kadi

Ilikuja juu ya mkokoteni kutoka Cheyo,
imefungwa kamba ya katani kama mbuzi wa mnada,
Yamaha ya zamani ya idara ya afya,
kijani chake kimebaki chini ya tangi tu,
mahali ambapo jua la Tabora halikufika.
Miaka kumi na mmoja stoo, alisema Sista Nyamizi,
kati ya magunia ya mkaa na mizinga isiyo na nyuki.
Sitaki kuiendesha. Goti limekataa.
Nataka niisikie.

Nikafungua kabureta.
Skurubu nne za bakuli: tatu zikakubali,
ya nne niliibembeleza kwa mafuta ya taa tangu asubuhi
hadi treni ya bara ikapiga honi.
Ndani, petroli iliyokufa,
ya kahawia, nzito, inavutika kidoleni.
Mtu angeapa ni asali ya Sikonge
mpaka ainuse.
Kwenye njia ya hewa nyigu alijenga kwa udongo,
akazaa, akahama, hakulipa kodi.

Mimi sitoboi jeti. Wapo wanaotoboa,
wanachokonoa kwa sindano ya cherehani,
tundu linapanuka kwa unywele mmoja
na pikipiki inakunywa kama shemeji harusini.
Mimi nachemsha. Maji, ndimu sita,
na sufuria ambayo mke wangu ameshaipa talaka.
Kisha mswaki. Kisha uzi mmoja wa shaba
niliouchomoa kwenye waya wa redio;
hausukumwi, unapitishwa tu,
kama kidole kwenye kope za aliyelala.
Umeme ulikuwa umekatika, kompresa imenyamaza,
nikapuliza kwa mdomo.
Nikainua jeti juani, nikafumba jicho moja:
nukta ya mwanga, duara, safi,
na Kanyenye yote ikipita humo kwa zamu,
muuza karanga, ukuta wa msikiti, mtoto na tairi lake.

Gasketi ndiyo iliyonisimamisha.
Si ya duka. Ilikatwa kwa mkasi,
na mkono uliozoea kukata bandeji,
kutoka kadi ya kliniki.
Petroli haikufuta yote:
kilo nne na nusu,
na mstari wa kalamu unaopanda, unapanda,
halafu unashuka
hadi ukingo wa mkasi.

Nikampelekea kiganjani, pale alipokaa juu ya kreti.
Hakutafuta miwani.
"Njia ya Ipole," alisema. "Mvua za Machi, kuhara kumeingia.
Nina dripu kwenye boksi, na hii inamwaga petroli
kama bomba la kijiji. Niliisukuma usiku kucha.
Nilipofika, mama wa huyu akanipa kadi.
Akasema, chukua sista, sina wa kumpima tena.
Nikakaa pale pale nje, nikakata.
Mbele kulikuwa na vijiji vitatu."

Nilikuwa nimeshakata nyingine, mpya, imepimwa vizuri.
"Hii ya zamani itavuja, sista."
"Ilishika."
"Ilikuwa na unyevu. Sasa imekauka."
Akanitazama kama anavyotazamwa mtu
anayegoma kukunja mkono wa shati apigwe sindano.

Nikaipaka sabuni ya mche, pande zote mbili.
Nikairudisha. Skurubu kwa msalaba,
kidogo hapa, kidogo kule, bila haraka.

Teke la kwanza, kimya. La pili, kimya.
La sita, kikohozi.
La tisa ikaamka, ikatema moshi wa miaka kumi na mmoja,
kuku wa jirani wakatawanyika.
Sista Nyamizi akainama,
sikio upande wa injini, kama juu ya kifua cha mtu.
"Sailensa iko juu. Ishushe."
Nikaishusha, robo mzunguko.

Chini ya bakuli tone moja likajikusanya,
likaning'inia, likaanguka.
Nikanyoosha mkono nizime.
"Subiri," alisema,
akageuza saa yake ya mkononi,
akaanza kuhesabu.