Tarehe ya Mwisho

Kazi yangu ilikuwa kugonga tarehe.
Boksi la minofu likinifikia, naligonga:
siku ya kufungwa, siku ya kuharibika.
Kila sangara aliyetoka Igogo kwenda asikokujua
alibeba karatasi inayosema ataoza lini.

Februari wakanihamishia kwenye msumeno,
Nyamizi alikuwa amejifungua, hapakuwa na mtu.
Siku ya nne
vidole viwili vikadondoka kwenye barafu
pamoja na mapezi.
Damu ilichelewa, baridi iliishika.
Msimamizi Rwegasira akanifunga taulo:
"Gari la mabondo linasubiri, usipige kelele."

Bugando walinishona. Kiwanda kikalipa kitanda,
kikaniletea sukari kilo mbili
na neno moja, subiri.
Fomu ipo mezani kwa bosi.
Bosi yuko Dar.
Bosi karudi, mhuri hauonekani.
Subira yavuta heri, nikajiambia,
kumbe yangu ilikuwa inavuta kalenda tu.

Nilihesabu miezi kama darasa la pili kule Ngudu,
Machi kidole, Aprili kidole,
nilipofika Oktoba mikono ikaisha.
Novemba, Desemba, Januari
zikapita bila pa kukaa.
Usiku viliniwasha, vile visivyokuwepo.

Ni Nyamizi aliyekuja mbio,
mtoto mgongoni, meno mawili chini:
"Juzi huyu katimiza mwaka.
Na mkono wako je?
Redioni wamesema ni miezi kumi na miwili, dada,
ikipita imepita."

Saa tisa na dakika ishirini.
Karani ameshafunga droo moja,
funguo zipo kwenye nyingine.
"Jina?"
"Ng'washi Luhende."
"Ajali lini?"
"Tarehe kumi na tisa, Februari. Mwaka jana."
Akageuka kutazama kalenda ukutani,
kumi na nane,
akanitazama mimi, akaitazama saa.
"Fomu haina mhuri wa mwajiri."

Nikaweka mkono juu ya meza.
Sikusema kitu. Feni ilikuwa inazunguka.
Mlinzi alikuwa ameshaanza kufunga madirisha
ya upande wa ziwa.

Karani akavuta pumzi, akavuta kidau cha wino.
"Mhuri wao utafuata. Mimi nitaandika umefika leo."
Akagonga.

Naujua mlio ule, nimeusikia mara elfu kwa siku,
lakini haukuwahi kuwa wangu.
Kama watalipa, sijui. Lini, sijui.
Wino ulikuwa bado mbichi.
Nikaupuliza.