Rohonyeusi

Nyumba yetu ina miti saba ndani yake:
boriti, nguzo, kizingiti,
na meza ambayo mama alinizalia kando yake
kwa kuwa maporomoko yalikuwa yameikata barabara.
Msituni, juu ya malisho ya Don Arcesio,
nimehesabu mara tatu:
imebaki mitano.

Huku milimani Antiokia twauita almanegra,
rohonyeusi, wala si kwa ubaya.
Ukiukata ni mweupe kama kiazi kilichomenywa.
Uache ulale, na asubuhi kiini kimeiva weusi
kama mtu aliyekumbuka jambo.
Baba alikuwa seremala. Alijua kuuangusha
pasipo kuupasua.
Hakujua kuwa unachanua:
maua yako mita ishirini na tano juu, na hufunguka gizani.

Mimi nilijua siku ile Yurleidy wa kitaluni
aliponifunga mshipi wa kukwelea, akasema, Haya.
Nikakwea. Magoti yananicheza, kamba inanikata mapaja,
mara harufu ikanifikia kabla ya macho:
nanasi lililoanza kuchacha, ndimu,
na sabuni mpya ndani ya karatasi yake.
Ua moja kwenye ncha ya tawi,
petali nene kama sikio la ndama.

Nene, maana lilijiandaa kutafunwa.
Ukoo huu ulianza kuchanua
nyuki bado hajaijua njia.
Aliyekuwepo ni mbawakawa, mzito, mlafi,
anayekula huku akifanya kazi.

Usiku wa kwanza ua ni jike. Linapokea.
Kukicha linajifumba na mgeni wake ndani,
linampa joto, linampa chakula, ila halimpi ruhusa.
Usiku wa pili limekuwa dume,
stameni zinapukutika,
na mbawakawa anatoka amejaa chavua
kama mwizi wa unga,
aende kwa jirani.

Jirani yupi?
Kati ya mti huu na mwenzake kuna ng'ombe mia mbili,
kisha maparachichi ya kampuni, mistari ya daftari la hesabu,
kisha korongo.
Mbawakawa hana pikipiki.

Mimi ninayo.
Nabeba chavua katika kisanduku cha kiberiti,
kifuani, chini ya koti la mvua,
nashuka, navuka, nakwea tena.
Mwaka wa kwanza nilifika saa tisa usiku,
ua limeshafunga mlango.
Nikakaa tawini nikatukana hadi sauti ikakauka.
Mwaka wa pili, mvua.
Mwaka wa tatu brashi iliniponyoka,
ikaenda chini ikigonga kila tawi;
nikachovya ncha ya msuko wangu, nikapaka.

Tunda likakaa kama ngumi miezi minane,
likapasuka.
Mbegu nyekundu zikaning'inia kwa nyuzi,
thelathini na moja. Haziwekeki akiba:
zikikauka, zimekufa.
Tukaziosha usiku uleule, juu ya meza ile.

Baba, macho yake yana ukungu siku hizi,
akapapasa moja. "Ndogo hivi?"
Akauliza boriti itapatikana lini.
Nikamwambia, miaka themanini,
na hakuna atakayeikata.
Akacheka kicheko cha mtu aliyeuziwa punda bila miguu,
kisha akavuta kiti,
akaomba apewe kumi aoshe yeye.
Akaosha kumi na mbili.

Zimeota tisa.
Konokono amekula moja.
Nane ziko chini ya wavu, majani mawili mawili,
na Yurleidy anasema nane ni nyingi.
Sijui. Sijawahi kumwona mwenye nane
akalala usingizi.

Baridi ikishuka, nyumba inalia,
boriti zinajinyoosha juu ya vichwa vyetu.
Naamka, natafuta viatu,
natoka na tochi
kusaka konokono.