Pasi Juu ya Noti

Jumanne, Raskazone, uani kwa Bwana Shekue,
nimeigeuza suruali yake ndani nje
mfuko ukanitemea elfu kumi,
imelowa chapachapa, imejikunja
kama kifaranga anayetoka kwenye yai.

Nikamlaza tembo wa noti juu ya ubao,
nikamfunika leso, nikampitishia pasi ya mkaa
taratibu, kama ninyooshavyo kola ya bwana harusi.
Mvuke uliopanda ulinuka sabuni, tumbaku, na papa mkavu.
Papa! Basi hata hii ya Raskazone
iliwahi kulala pindoni mwa kanga ya mtu, Sahare.
Cheche moja ikaruka. Ikamtoboa tembo sikio,
kitundu cha kahawia, hakizidi chembe ya mtama.

Sasa sikiliza hesabu yangu, haijakaa darasani lakini inajua kutembea.
Bwana Shekue namdai miezi miwili: elfu sitini.
Shaame Mpemba, Barabara ya Kumi na Tatu, ananidai mimi
unga, sukari ya kupimiwa, na sabuni ya mche,
mche huohuo ninaofulia suruali hii.
Shaame naye anadaiwa kodi ya fremu.
Na fremu ni ya nani? Ah.
Shati alilovaa mwenye fremu siku ya kuandikishana mkataba
nililifua mimi; wino uligoma kutoka mkononi.

Kwa hiyo ningeitia kifuani,
jioni ingekuwa kwa Shaame,
mwisho wa mwezi ingerudi mfuko huuhuu.
Asingepungukiwa kitu. Ingekuwa tu imepitia kwangu,
imekaa kidogo mkekani, imekula nasi.

Nilimrudishia.
Nusu kwa kumwogopa Mungu,
nusu kwa ile kamera iliyofungwa juu ya bomba.

"Mama Mwanahija, watu kama wewe wameadimika!"
Akamtia tembo mfukoni, bado wa moto.
Nikakohoa. Nikautaja mwezi wa nane, nikautaja na wa tisa.
"Vyuma vimekaza, mama. Pesa haizunguki mjini."
Akajipapasa, akanipa mia tano, nyati wa chuma: "Kanywe soda."
Soda mia saba. Sikumwambia.

Nyati yule hakuwahi kupoa.
Sijavuka reli, tairi la baiskeli likalia fyuu;
Mbaruku fundi akaziba, akapokea,
akamwita muuza kahawa, vikombe viwili na kashata,
muuza kahawa akamlipa Kibibi mkaa wa jana,
Kibibi akamtumbukiza kwenye upatu wa Makorora
ambao usiku ule, kwa kura, ulimwangukia
binti wa dada yangu, yule mwenye mtoto wa kifua.
Asubuhi mkono ukapenya dirishani kwangu:
"Mama mdogo, ile mia tano yako ya chumvi."
Ni yuleyule? Sijui. Nyati hawana majina.
Lakini alikuwa na joto.

Jumanne iliyofuata, uani palepale.
Mashuka, soksi, kanzu ya Ijumaa. Kisha suruali ileile.
Siku hizi nakagua kabla ya kuloweka.
Elfu kumi. Kavu,
imenyooka, mkunjo wangu bado umesimama.
Siku saba, na hata duka la jirani haijafika.
Nikaiinua kwenye mwanga
na jua la Tanga likapita sikioni mwa tembo,
likaniangukia kidoleni, nukta moja, ya moto.

Pasi ilikuwa imeshakolea.
Kamera ilikuwa ikitazama bomba.