Nipe Mji

Siku ya sitini na tatu ya eda yangu
Mwanaidi kaja na kishikwambi cha skuli,
kakiegemeza kwenye chupa ya chai, kanambia:
"Shangazi, umefungiwa chumbani. Una dakika sitini. Toka."

Nikacheka, na kicheko kikanishtua mwenyewe.
Mwanangu, mimi nimeshafungiwa. Miezi minne na siku kumi,
na mlango wangu hauna hata kufuli,
mbuzi wa Bikombo huingia na kutoka apendavyo.

Lakini nikasogeza mkeka.
Chumba cha kigeni: jiko limechimbwa ukutani mwa ukumbi,
bwana mwenye masharubu ananikodolea kutoka kwenye fremu
(inamisha macho, bwana, hapa pana mtu wa eda),
saa ya ukutani iliyokufa, kabati la chuma.
Fahima yuko Maskati, Nadhra yuko Dole,
sauti zao zinagongana ndani ya kioo:
"Droo! Shangazi, gusa droo!"
Nikagusa zulia.
Ufunguo ulikuwa chini ya zulia.
Wakanyamaza wote.
Miaka thelathini na moja nimekuwa mke wa fundi redio;
skrubu iliyoanguka huitafuti pale ilipoangukia.

Kabati likataka tarakimu nne.
Nikaitazama ile saa: mshale mfupi unakaribia kumi, mrefu uko kwenye tisa.
Saa nne kasorobo, nikasema. Andika sifuri, tatu, nne, tano.
Kabati likakoroma, likakataa.
Nikarudia. Likakataa.

Kuna kitufe cha kuomba msaada,
ukikibonyeza unakatwa dakika tano.
"Hicho nakijua," nikawaambia, "hicho ni nipe mji."
Umeshindwa kitendawili, unatoa mji,
mwenzio anakwenda, anakula, anakunywa, anarudi na jibu.
"Haya, wapeni Konde."
Wakapewa Konde. Maandishi yakatoka:
soma saa kama mwenye nyumba anavyoisoma.

Loo! Bwana masharubu siku yake huanza usiku wa manane,
yangu huanza jua likitoka.
Sifuri, tisa, nne, tano.
Kabati likafunguka, mlango ukafunguka,
nje kukawa na theluji, na vigelegele kutoka Maskati,
nami niko pale pale, juu ya mkeka, na nguo zangu nyeupe.

Usiku umeme ukakatika. Mwanaidi keshakwenda kwao.
Nikaitoa simu ya Shaame chini ya mto.
Ikiita huipokea, kupokea hakutaki nambari:
watu wanaulizia redio zao. Nawaambia zipo rafuni,
ila sijui ipi imepona na ipi bado.
Alikuwa akiandika humo ndani. Kila kitu, humo ndani.
Tarakimu nne.

Mwaka aliozaliwa: siyo.
Mwaka wa ndoa yetu: siyo, na hapo nikanuna kidogo.
Saa aliyokuwa akifungua kibanda, kwa saa yetu,
kisha kwa saa ya bwana masharubu: siyo, siyo.
Simu ikanambia nisubiri.

Basi nikaketi gizani nikampa mji.
Nikampa Konde, ile ile iliyokwishatumika mchana.
Nikampa Kojani.
Nikampa Wete hii nzima, na gati lake, na madeni yetu ya dukani.
Nikampa Mtambwe, kwao, nikijua
ni kumpa mtu zawadi ya kanzu yake mwenyewe.
Wapi! Kachukua miji yote, hakurudi na jibu.

Umeme uliporudi, kabla ya alfajiri,
niliamka nikaichomeka simu kwenye chaji, kama kila siku.
Leo kuna chumba cha pili. Mwanaidi kasema kina ngazi.
Nimemwambia asiguse kitu
mpaka nimalize kukitazama.