Foronya ya Wadi ya Tatu

Ausma, ngoja.
Kabla hujalitupa daftari lako kwenye moto wa boila
nipe dakika tano,
mashine namba sita bado inazungusha mashuka.

Mwaka ule baridi iliibana Liepaja hadi mfereji ukaganda,
nami nilikuwa na barua tatu za mhariri mmoja wa Riga,
zote fupi, zote za adabu,
zote zikinishukuru kama mtu anayefunga mlango
kwa kidole kimoja.
Nikaapa siandiki tena.
Nikaandika.
Usinisifu, haukuwa ujasiri:
mkono ulishazoea,
kama mguu unavyozijua ngazi gizani.

Niliandika hapa hapa, nimesimama,
migongoni mwa vikaratasi vya hesabu.
Mbele: mashuka mia mbili arobaini, taulo themanini.
Nyuma: mbwa.
Mbwa wa mlinzi wa daraja, jina lake Duksis,
aliyevuka barafu usiku akifuata harufu,
na harufu ya nini, hata mimi sikujua.
Kengele ya zamu ikalia.
Nikakichomeka kikaratasi ndani ya foronya safi,
nikakisahau.

Foronya ikapanda lifti,
ikalaza kichwa cha mtu nisiyemjua.

Siku ya tisa ilirudi na jasho na harufu ya dawa,
na kikaratasi kimekunjwa mara nne,
na chini yake, kwa penseli, herufi za mkono unaotetemeka:
Mbwa alirudi?

Nilikaa juu ya kapu la nguo chafu, Ausma,
nikakaa hasa.
Hakusema ni nzuri. Hakusema ni mbaya.
Sifa ningezila zikaisha kabla ya mchana;
swali lile halikulika.
Mtu mwenye homa, mwenye yake ya kufa na kupona,
alikuwa macho usiku
akimngoja mbwa wangu.

Foronya thelathini na mbili hupanda wadi ya tatu.
Nitajuaje ipi ni yake?
Nikanakili mwisho mara thelathini na mbili,
kidole kikavimba, nikakifunga kitambaa, nikaendelea.
Kufikia nakala ya ishirini nilikuwa nimefuta sentensi mbili
kwa uvivu tu,
na hadithi ikapona.

Jibu la penseli halikuja.
Sikuuliza kitanda gani kilibaki kitupu. Sijauliza mpaka leo.
Aliyekuja ni muuguzi mkuu, Bi Rasma,
ameshika vikaratasi kumi na saba kama mtu aliyeshika panya:
"Velta, unazijua sheria za usafi?"
Nazijua.
"Basi isiwe tena."
Akageuka. Viatu vyake vikalia hadi mlangoni,
vikanyamaza.
"Na yule mlinzi," akasema, bila kunitazama,
"alimfungulia?"

Haya, mashine imesimama.
Shika pembe hizo, mimi nishike hizi,
vuta, kunja, njoo kwangu, tena.
Daftari uliliacha juu ya rafu ya sabuni jana,
nami sina haya.
Hebu niambie:
yule kijana wako mwenye koti la kuazima,
uliyemwacha kituoni ukurasa wa kumi na mbili,
treni imeshapiga honi,
alipanda?