Kapu la Saba

Kashindye kafunga ringi ya baiskeli kwenye mninga,
kaning'iniza cheni tatu zilizolegea:
ndilo kapu la saba, mwisho wa mchezo,
pale msitu wa manispaa ya Tabora unapopakana na reli.

Kisahani changu ni mfuniko wa ndoo ya rangi,
wa bluu, una kovu la kisu ukingoni.
Nimeshaujua. Ukiurusha kwa hasira
unakata kushoto, unakwenda kulala miibani.
Ulegeze mkono, kama anayepeta mpunga,
unapenya kati ya miyombo miwili
bila kugusa gome.

Leo umepanda, ukasita,
ukatua juu ya mzinga wa Nyamizi.
Sote kimya. Hata treni ya Mpanda haikupiga honi.
Nyuki wawili wakatoka kama askari wa zamu,
wakauzunguka, wakarudi ndani.

"Mtupo mmoja wa adhabu!" kapaza Kashindye,
tayari yuko mbali, kandambili mkononi.

Jioni Nyamizi kasema nisiuguse:
mzinga ule ulikuwa unavuja tangu masika.

Sawa. Nadaiwa mitupo miwili,
na kapu, upepo ukipita, linalia lenyewe,
cheng, cheng,
kana kwamba nimefunga.